Siku 84 katika Darasa la Mwenzangu

Ndugu msomaji, huenda nyumbani kwako yumo kijana aliyemaliza chuo cha ualimu, na vyeti vyake vimekaa ndani ya bahasha ya kaki juu ya kabati. Kila yanapotoka matangazo ya ajira huishusha bahasha ile, huipangusa vumbi, hutoa nakala mpya, kisha huirudisha pale pale. Nami nilikuwa mmoja wa vijana hao. Nilihitimu shahada ya elimu mwaka 2018, nikiwa nimesomea kufundisha Kiswahili na Historia, na habari hii ninayokusimulia ni ya darasa langu la kwanza, ambalo kwa kweli halikuwa langu.

Nianze na jambo ambalo chuoni sikuambiwa na mtu. Hapa kwetu hakuna cheo cha mwalimu wa akiba. Ziko nchi, kama Uingereza na Marekani, ambako huwekwa orodha ya walimu wa namna hiyo, na mmoja wao hupigiwa simu alfajiri kwenda kushika darasa la mwenzake aliyeugua. Kwetu mwalimu akiugua, vipindi vyake hugawiwa wenzake, nao tayari wana vyao vya kuwatosha. Ama darasa hupewa kazi ya kunakili ubaoni chini ya ulinzi wa monita. Ni pale mwalimu anapoondoka kwa muda mrefu, kwa uzazi, kwa masomo au kwa maradhi, ndipo mkuu wa shule anapoanza kuuliza huku na huku kama yupo mtu wa kushikilia. Mtu huyo huitwa mwalimu wa muda, na mara nyingine mwalimu wa kujitolea. Watu huyatumia majina hayo mawili kana kwamba ni kitu kimoja, lakini tofauti yake utaijua mwisho wa mwezi.

Wazee wengi hushangaa kwa nini kijana mwenye shahada aende kubisha hodi mashuleni. Hadi mwaka 2015 mhitimu wa ualimu alikuwa akipangiwa kituo. Kazi yake ilikuwa kusubiri jina lake litoke, afunge mizigo, aende. Mwaka 2016 Serikali ilisimamisha ajira mpya ili kuwahakiki watumishi hewa, na sisi tuliomaliza baada ya hapo tuliukuta mlango umefungwa. Ulipofunguliwa, ulifunguliwa kidogo kidogo, na walimu wa sayansi na hisabati ndio waliotazamwa kwanza. Siku hizi maombi hupitia kwenye mfumo wa Sekretariati ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na waombaji huitwa kwenye usaili. Mwenye Kiswahili na Historia hujikuta katika mstari mrefu sana.

Baba yangu alikuwa mmoja wa wazee hao walioshangaa. Yeye ni mwalimu mstaafu, na namna alivyoingia katika kazi hiyo ni kisa cha peke yake. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka watoto wote wa umri wa kwenda shule wawe wameingia darasani ifikapo mwaka 1977. Watoto walikuwapo, na wananchi walijenga madarasa. Walimu ndio waliokosekana. Basi vijana waliomaliza darasa la saba wakachaguliwa, wakafundishwa ualimu huko huko vijijini: sehemu ya siku wakifundisha, sehemu nyingine wakisoma kwa vitabu vya masomo ya posta na vipindi vya redio. Baba alikuwa mmoja wao. Husema kwamba alipoingia darasani mara ya kwanza wanafunzi wawili walikuwa warefu kuliko yeye, na mmoja wao alikuwa binamu yake. Baadaye alikwenda chuo na kupata cheti kamili, lakini jina la "mwalimu wa UPE" lilimfuata miaka mingi, na halikusemwa kwa heshima.

"Sisi tuliitwa," aliniambia jioni moja tukiwa barazani. "Ninyi mnaomba."

Sikumjibu. Asubuhi yake niliishusha bahasha, nikaenda kuomba.

Nilikwenda shule nne za sekondari, zote pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam. Ya kwanza sikuvuka geti. Ya pili mkuu wa shule alinipokea vizuri, akaniuliza kama naweza kufundisha Fizikia, na nilipokataa tukacheka wote wawili kwa huzuni. Ya tatu niliambiwa nirudi wiki ijayo, na wiki ijayo nikaambiwa hivyo hivyo. Ya nne nilifanya jambo ambalo ningelifanya tangu mwanzo: kabla ya kwenda kwa mkuu nilimtafuta mwalimu wa taaluma. Yeye ndiye anayepanga ratiba, na yeye ndiye anayejua ni kipindi gani kinalia. Aliitazama bahasha yangu, akanitazama mimi, akasema mwalimu wa Kiswahili wa kidato cha pili angeanza likizo ya uzazi mwezi Februari.

Ikiwa unamtuma kijana wako, mwambie aende mapema Januari, ratiba inapotengenezwa, asiende katikati ya mitihani. Achukue vyeti halisi pamoja na nakala, kitambulisho, barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, na barua ya maombi iliyoandikwa kwa mkuu wa shule. Mkuu mwangalifu hatampokea kimya kimya. Atamjulisha Afisa Elimu wa halmashauri na bodi ya shule, na kijana asiudhike akiambiwa asubiri jibu lao. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka anayefundisha awe amesajiliwa au awe na leseni. Aliyesomea fani nyingine, hata kama shahada yake inang'aa, aulize kwanza habari ya leseni hiyo.

Na adai maandishi. Hapa nakuomba msomaji unisikilize kwa makini, maana mimi sikudai. Nilifurahi mno kuambiwa "njoo Jumatatu" hata nikaona haya kuuliza mengine. Tangu Januari 2016 ada na michango ya lazima iliondolewa katika shule za serikali hadi kidato cha nne, nalo lilikuwa jambo jema kwa wazazi wengi, wangu wakiwamo. Lakini mkuu wa shule anayetaka kumlipa mwalimu wa muda hana tena mfuko rahisi wa kutazama. Hutegemea yale ambayo wazazi wamekubaliana kwa hiari, au huruma ya walimu wenzake. Niliahidiwa kwa mdomo shilingi 100,000 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza nilizipata. Mwezi wa pili zilichelewa wiki tatu. Mwezi wa tatu nilipata 60,000 na maneno mazuri. Nilikuwa nikipanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, na hesabu ya hapo unaweza kuifanya mwenyewe. Karatasi moja yenye tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, vipindi na posho isingeniongezea fedha, lakini ingenipunguzia kuinama kila ninapopita mlangoni kwa mhasibu.

Tarehe ya kumaliza nilikuwa naijua kwa njia nyingine. Sheria humpa mama aliyejifungua siku 84 za likizo yenye malipo, na siku 100 akijifungua pacha. Mwenzangu alianza likizo Jumatatu tarehe 4 Februari 2019. Nilihesabu katika kalenda ya ukutani nyumbani, nikazungushia duara Jumatatu tarehe 29 Aprili. Baba aliuona ule mduara, asiseme neno.

Kidato cha pili kilikuwa na wanafunzi 72 katika chumba kilichojengwa kwa ajili ya 45. Mwenye darasa aliniachia daftari la maazimio ya kazi, shajara ya somo, na barua fupi iliyosema alipofikia: upatanisho wa kisarufi, ngeli za nomino. Aliacha pia karatasi kubwa ya manila iliyobandikwa ukutani, imechorwa safu za ngeli kwa wino mwekundu, A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI, I-ZI na nyinginezo, na chini ya kila safu nomino zimejazana bila mpangilio, nyingine zimepinda, nyingine zimeandikwa kwa mwandiko wa kitoto. Chuoni tulifundishwa kuandaa zana safi. Ile karatasi niliiona kama kibanda cha mama ntilie.

Wiki mbili za kwanza ni za kujaribiwa. Darasa linajua kwamba wewe ni mgeni, na linataka kujua mgeni wa namna gani. Waliniita "madamu" kwa sauti ndefu isiyo na heshima wala matusi. Walinijibu, "Mwalimu wetu hafanyi hivyo," kila nilipofanya jambo. Nilipouliza nomino "kiboko" iko ngeli gani, mvulana wa nyuma aliuliza kwa upole, "Kipi, madamu, kinachoogelea au kinachochapa?" Darasa zima likacheka. Lilikuwa swali zuri. Kiboko wa mtoni amelala, kiboko cha mwalimu kimevunjika. Umbo ni moja, upatanisho ni mbali mbali, na hapo ndipo ulipo msingi wa somo lenyewe. Nami badala ya kulishika swali lile niliona nimedhihakiwa, nikamtoa nje.

Wiki ya tatu mambo yalitulia. Nilijifunza majina. Nilijua nani anakuja bila kunywa chai, nani anavuka barabara kuu peke yake saa kumi na mbili asubuhi, na nani anayeficha kwamba kusoma kwenyewe bado kunamshinda. Nilianza kubaki baada ya vipindi na kundi la watoto tisa wa namna hiyo. Walimu wengine walianza kunialika kwenye chai yao. Mwalimu wa zamu alinipa siku yangu ya kusimama mstarini. Ndugu msomaji, kama umewahi kukaa mwaka mzima nyumbani na shahada, utajua utamu wa kuitwa "mwalimu" na mlinzi wa geti.

Ndipo ulipokuja uvumi. Ilisemwa katika chumba cha walimu kwamba mume wa mwenye darasa amehamishiwa Mwanza, na kwamba huenda naye akaomba uhamisho kumfuata. Hakuna aliyelisema kwa uhakika. Lakini mimi nililichukua neno lile nikaenda nalo nyumbani, nikalala nalo. Nitakuambia ukweli ambao sijamwambia mtu mpaka leo ninapoandika: nilitamani asirudi. Sikumtakia mabaya, nilimtakia Mwanza, na nyumba nzuri karibu na ziwa. Lakini nilitamani.

Tangu siku hiyo nilianza kufundisha kama mwenye darasa. Katika azimio lake la kazi ilifuata mada ya rejesta, mada inayonichosha. Nikairuka, nikaenda kwenye uandishi wa barua. Nilibadili makundi ya kukaa. Niliwaambia watoto kwamba Novemba, katika upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili, nataka wawe wa kwanza katika kata. Na Ijumaa moja baada ya vipindi niliibandua ile karatasi ya manila, nikaikunja, nikaisukumiza nyuma ya kabati katika chumba cha walimu, nikabandika yangu: mistari ya rula, rangi tatu, nomino tano kila ngeli.

Jumatatu waliingia, wakatazama ukuta, wakakaa. Hakuna aliyesema neno. Nikadhani wamependezwa.

Nyumbani nilikuwa nikisimulia kila jioni, na baba alikuwa akisikiliza kama mtu asikilizaye taarifa ya habari. Nilipofika kwenye habari ya Novemba aliweka kikombe chini.

"Umewaambia utakuwa nao Novemba?"

"Sikusema hivyo, baba. Nimesema nataka wafaulu."

"Mtoto hasikii ulichosema, mwanangu. Anasikia unachotaka." Kisha akanyamaza kwa muda mrefu, na aliposema tena hakusema juu yangu. Alisema kwamba mwaka wake wa pili katika ualimu aliletwa mwalimu mwenye cheti kuchukua darasa lake, na kwamba usiku mmoja kabla ya makabidhiano alifuta alama zote alizoziandika katika daftari la maendeleo, ili yule mgeni aanze na karatasi tupu. "Nilikuwa na miaka kumi na saba," alisema. "Wewe una shahada."

Wiki iliyofuata monita, binti mdogo mwenye sauti ya upole, alinifuata ukumbini.

"Madamu, ile karatasi yetu iko wapi?"

"Ipi?"

"Ya ngeli. Mwalimu alisema kila mtu alete neno moja kutoka nyumbani kwao. Tulikuwa hatujamaliza. Wamebaki watu kumi na wanne."

Nilikwenda nyuma ya kabati, nikaivuta, na kona moja ikachanika kwa kunaswa na msumari. Niliikunjua mezani. Kando ya kila nomino, kwa kalamu ya risasi, kwa herufi ndogo ambazo sikuwahi kusogea karibu kuzisoma, palikuwa na jina la mtoto. Ndoo, na jina. Cherehani, na jina. Baba yake ni fundi nguo. Dagaa, na jina la yule asiyeweza kusoma vizuri, ambaye mama yake huuza dagaa sokoni. Kiboko liliandikwa mara mbili, katika ngeli ya A-WA na katika ngeli ya KI-VI, na mara zote mbili jina lilikuwa la yule mvulana wa nyuma niliyemtoa nje. Yaani swali lile hakulibuni siku ile. Lilikuwa neno lake, na mwalimu wake alikuwa amelikubali.

Niliirudisha karatasi ukutani siku hiyo hiyo, na gundi ya karatasi kwenye kona. Yangu niliishusha. Nilimwita yule mvulana nikamwomba radhi mbele ya darasa, jambo ambalo chuoni hawakutufundisha lifanywe vipi, na nadhani nililifanya vibaya, kwa maana alitazama viatu vyake muda wote.

Zilibaki siku kumi na mbili. Nilizitumia kuandika. Mwalimu wa muda anayeondoka hana budi kuacha makabidhiano, nayo si ripoti ya kujisifu. Niliandika nilichofundisha na tarehe zake, niliandika nilichoruka, niliandika watoto 72 mmoja mmoja: huyu hukosa Alhamisi kwa sababu ni siku ya mnada, huyu miwani yake imevunjika, akae mbele, hawa tisa tulikuwa tunasoma pamoja saa tisa alasiri, tumefika ukurasa fulani. Usiku wa mwisho nilikaa muda mrefu kwenye mstari wa rejesta. Ningeweza kuandika kwamba muda haukutosha. Niliandika kwamba niliiruka.

Jumatatu tarehe 29 Aprili alirudi. Uvumi wa Mwanza ulikuwa uvumi mtupu. Mumewe hakuhamishwa popote. Alipoingia darasani watoto walisimama wote kwa pamoja wakapiga kelele ambazo mimi, katika majuma kumi na mawili, sikupigiwa. Nilikuwa nimesimama mlangoni na bahasha yangu. Aliutazama ukuta, akaigusa ile kona.

"Panya?" aliniuliza.

"Hapana, mwalimu. Ni mimi."

Alitikisa kichwa kidogo, akakaa, akayasoma makabidhiano ukurasa kwa ukurasa, watoto wakisubiri. Alipofika mwisho alisema, "Rejesta hukufundisha."

"Sikufundisha."

"Basi kaifundishe." Kisha akanieleza. Mama anayenyonyesha ana haki ya hadi saa mbili kila siku, katika saa za kazi, za kumnyonyesha mtoto. Mtoto wake alikuwa kwa bibi yake, safari ya daladala moja. Vipindi viwili vya mwisho asingeweza kuwapo, na mkuu wa shule alikuwa amemwambia kwamba fedha ya mwalimu wa muda imekwisha. Nauli yangu angeitoa yeye mwenyewe mpaka muhula ufungwe, kama nitakubali. Nilikubali, na safari hii tuliandika, mistari minne, tukatia sahihi sote wawili na mwalimu wa taaluma akashuhudia.

Nilifundisha rejesta kwa wiki tano: lugha ya sokoni, ya hospitalini, ya mahakamani, ya ndani ya daladala. Haikuwa mada ya kuchosha hata kidogo. Sijui ni nani aliyenitia wazo hilo. Siku ya mwisho kabla ya kufunga, mwenye darasa alichelewa kuondoka, akakaa nyuma na watoto. Monita alisimama akasema nafasi za ukutani zimebaki mbili, na kwamba moja wameamua iwe yangu, nami nitaje neno la kutoka nyumbani kwetu.

Nilifikiri kidogo, nikasema, "Nauli."

Walicheka wote, na mwalimu wao akacheka kuliko wote. Kisha wakaanza kubishana, nauli imepanda, nauli zimepanda, mpaka wakakubaliana, na yule mvulana wa nyuma akatumwa kwenda kuandika. Aliiandika katika I-ZI, karibu na ile kona iliyochanika, akageuka kuniuliza jina langu linaandikwa kwa herufi gani.